Kituliza cha Mwamvita

Daktari Kimweri alimwambia Mwamvita Nkuwi ashike kiti vizuri, maana wengine hupata kizunguzungu. Kisha akasogeza sumaku ndogo nyuma ya sikio lake la kushoto, mahali ambapo kituliza kilikuwa kimelala chini ya ngozi kwa miaka sita, akahesabu mpaka tatu. Taa ya kijani kwenye bangili ya Mwamvita ikafifia, ikazimika.

"Tayari," alisema daktari. "Wakaguzi wa ajali wanataka rekodi yake ya mwezi mzima, na kwa sasa kitabaki kimezimwa. Kaa hapo nikiisoma."

Mwanzoni hakikutokea kitu. Mwamvita alisikia feni ya darini na mtu akikohoa koridoni. Alikuwa ndiye mkufunzi wa wapandaji wote wa mitambo ya kufua umeme wa upepo iliyojipanga vilimani nje ya mji wa Singida, na picha yake akining'inia kwa mkanda mita mia na ishirini juu ya ardhi ilibandikwa kwenye lango la kampuni. Alikuwa amejiandaa kuogopa. Alijua kwamba kifaa kikizimwa, woga wake wa zamani utarudi, na alikuwa ameshika kiti akiusubiri.

Kilichokuja hakikuwa woga. Uso ulimwaka ghafla mpaka masikioni. Akayaona machungwa.

Wiki tatu zilizopita alikwenda hospitali kumtazama Mzee Aminieli Ntandu, aliyekatwa mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko. Alikaa kando ya kitanda, akachukua chungwa katika mfuko aliouleta mke wa mgonjwa, akalimenya, akalila. Akala na la pili. Huku akitafuna alimsimulia mzee habari za nati mpya zilizofika bohari, na jinsi vijana wanavyozifurahia. Mzee Ntandu alikuwa akiitazama bandeji, haitikii. Wakati anaondoka Mwamvita alimpiga begani, akamwambia, "Utazoea tu, mzee." Akatoka nje akipiga mluzi.

Sasa, kwenye kiti cha daktari, aliinama akafunika uso kwa viganja.

"Unaogopa?" daktari aliuliza.

"Hapana. Naona aibu. Mbona naona aibu? Hiki si kilikuwa cha woga?"

Daktari Kimweri aligeuka kutoka kwenye skrini. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kueleza jambo lilelile mara nyingi kwa siku. "Kituliza hakijui woga wala aibu," alisema. "Kinachojua ni mwili. Moyo ukienda mbio, jasho likitoka, damu ikipanda usoni, kinatuma mapigo madogo kwenye mshipa wa fahamu mpaka mwili utulie. Mtu akiwa juu ya ngazi mwili hufanya hivyo. Akimkosea mwenzake mwili hufanya hivyohivyo. Chenyewe kinaona mdundo tu, kinauzima."

"Kwa hiyo miaka sita hii..."

"Miaka sita hii ulipanda bila kuogopa, na yaliyobaki nayo yalipita bila kukugusa sana. Wengi hawatambui. Huonekana ni watu wanaojiamini."

*

Mwamvita alizaliwa mwoga. Darasa la tano aliitwa mbele ya shule nzima kukariri shairi la beti nne. Alifika ubeti wa pili, akajikojolea, na kwa mwaka mzima wenzake wakawa wakimwona wanakariri ubeti wa tatu. Tangu hapo alikaa viti vya nyuma. Alisomea ufundi wa umeme kwa sababu nyaya hazimtazami mtu.

Alipoomba kazi kwenye mitambo ya upepo, jaribio lilikuwa kupanda ngazi ya ndani ya mnara. Mara ya kwanza aliganda mita ya nane. Mara ya pili aliganda palepale. Mzee Ntandu, fundi aliyekuwa kazini tangu minara ya kwanza inasimikwa, alipanda nyuma yake, akamfungua vidole kwenye chuma kimoja kimoja, akawa anamshusha huku akimsimulia mechi ya Jumapili kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ilichukua karibu saa nzima. Chini aliwaambia wasimamizi kwamba ngazi ilikuwa na grisi, apewe nafasi nyingine.

Kabla ya nafasi hiyo, vituliza vikaletwa. Kampuni ilitafuta watu wa kujaribu, na Mwamvita akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wiki ile ile alifika juu ya mnara, akafungua kifuniko cha paa, akasimama katika upepo, akacheka. Baada ya hapo hakuna aliyemzuia. Alisema mikutanoni. Alijibizana na wakubwa. Wanafunzi walipomuuliza amewezaje, aliwajibu kwamba woga ni uvivu wa akili, na yeye ameushinda kwa nidhamu. Sikio lake alilifunika kwa kilemba.

Mzee Ntandu hakukubali kuwekewa. Kuwekewa kulikuwa kwa hiari. Yeye alisema amezeeka na moyo wake jinsi ulivyo, wameshazoeana. Alipanda polepole, mfukoni ana alizeti za kukaanga, na mara mbili au tatu kwa mwaka alikuwa akisimama chini ya mnara na kusema leo hapana. Walikuwa wakisubiri, wanakagua upya, wanapanda kesho yake. Vijana walianza kumwona mzigo.

Siku ya ajali walikuwa sita chini ya mnara namba kumi na saba. Pampu ya mafuta ya kilo mia na themanini ilitakiwa kuvutwa juu kwa winchi, na Mzee Ntandu ndiye wa kuipokea mlangoni kule juu, mkono kwenye mnyororo. Winchi ilipojaribiwa bila mzigo, ilitoa sauti kule juu, kama mtu anayekoroma.

"Breki hiyo siipendi," mzee alisema. "Leo hapana."

Mwamvita alitazama kipimo cha winchi. Kilikuwa kijani. Vijana wanne walikuwa wanamtazama yeye, na kazi ilikuwa imechelewa siku mbili. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mzee, kama miguu imekuwa maji, baki huku chini umenye alizeti. Kazi yako ya kiume nitaifanya mimi."

Vijana wakacheka. Mzee Ntandu alifunga mkanda wake, akapanda. Pampu ilipokaribia mlango, breki iliachia, mnyororo ukakimbia, ukaondoka na mkono.

*

"Njoo uone," alisema Daktari Kimweri, Mwamvita alipokwisha kumsimulia ya hospitali na ya siku ya ajali.

Kwenye skrini kulikuwa na mstari mrefu unaopanda na kushuka taratibu. Daktari aliukuza mpaka asubuhi ya ajali. Saa tatu na dakika kumi na nne mstari ulisimama wima kama msumari, kisha ukalala.

"Mapigo mia na thelathini na nane," alisema. "Hapo mlikuwa mnafanya nini?"

Mwamvita alihesabu moyoni. "Tunajaribu winchi. Ilikuwa ndiyo imeanza kukoroma."

"Mzee alikuwa ameshasema?"

"Bado."

"Basi mwili wako uliisikia kabla hajasema. Kituliza kilihitaji nusu sekunde kuuzima. Wewe hukupata hata nafasi ya kujua kwamba umeshtuka."

Mwamvita aliutazama ule msumari kwa muda mrefu. Kwa hiyo alikuwa amejua. Kulikuwa na mtu ndani yake aliyejua sawasawa na Mzee Ntandu, na mtu huyo alinyamazishwa, na katika ukimya uliobaki yeye akafungua mdomo akamcheka mzee.

*

Bwana Lugeye, meneja wa mitambo, alimwita ofisini kesho yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kumsogezea mgeni chai kabla ya neno baya. Alimsogezea chai. Kisha akamsogezea karatasi.

Ilikuwa taarifa ya ushahidi, imeshaandikwa, imebaki sahihi. Ilisema Aminieli Ntandu alipanda kwa hiari yake na alishika mnyororo kinyume cha taratibu. Vijana wanne walikuwa wameshatia sahihi.

"Hawakusema kwamba alikataa?" Mwamvita aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba, akaishangaa.

"Wanasema hawakumbuki. Ikithibitika alikataa akalazimishwa, mitambo yote itasimamishwa. Unajua ni watu wangapi wanaishi kwa mitambo hii."

"Na yeye itakuwaje?"

"Itaandikwa uzembe. Ataachishwa. Hata hivyo hawezi tena kupanda, Mwamvita."

Mwamvita alikitazama kikombe. Akaisogeza karatasi kando. Bwana Lugeye aliona, akashusha sauti.

"Kama unaona vigumu kutia sahihi, kuna njia nyingine. Nimeiona rekodi yako. Sema kifaa kilikuzuia kuhisi hatari. Hujadanganya, hujamlaumu mzee, na hakuna atakayekulaumu wewe. Kitalaumiwa kifaa. Na siku ya kikao mwambie daktari akiwashe. Utazungumza vizuri kama siku zote."

Mwamvita aliondoka na karatasi bila kuitia sahihi. Njiani alimpigia Daktari Kimweri simu.

"Nikisema ukweli kikiwa kimewashwa, si ukweli uleule?"

"Ni uleule."

"Basi kuna ubaya gani?"

"Kisheria hakuna. Shahidi anaruhusiwa. Lakini ulinisimulia ulivyokwenda hospitali. Siku ile nayo hukumwambia uongo wowote."

Siku nne zilizofuata Mwamvita hakulala vizuri. Alijifungia chumbani akajaribu kusema maneno yenyewe mbele ya kioo, na kila alipofika kwenye "umenye alizeti" alirudi mwanzo. Alijitetea. Aliwaza kwamba aliyezimwa akili na mashine hana kosa. Aliwaza kwamba hata bila yeye mzee huenda angepanda. Hoja zilikuwa nzuri, na kila moja ilikuwa inamfikisha karibu na usingizi, kisha zinakatika mahali palepale: kituliza kilimzuia kuogopa, lakini hakikumpa yale maneno. Maneno aliyatoa mwenyewe. Alijua yangemchoma mzee wapi, kwa sababu na yeye aliwahi kuchomwa hapo.

*

Kikao kilikaa katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Walikuja watu kama sitini. Mzee Ntandu alikaa safu ya mbele na mkewe, Mama Eliya, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mwenyekiti wa wakaguzi, Bi Sengasu, aliita jina la Mwamvita, na Mwamvita akatembea mpaka mbele akihisi sakafu iko mbali.

Alisimama. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Aliona sura za watu, wote wamegeukia kwake, na akawa tena msichana wa ubeti wa pili. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akashika meza ya shahidi, na meza ikaanza kulia juu ya vigae kwa kutetemeka kwake. Mtu nyuma akaguna. Mmoja wa wale vijana wanne akainamisha kichwa.

"Shahidi," alisema Bi Sengasu kwa upole, "daktari yupo hapa. Ukitaka, kifaa chako kinaweza kuwashwa. Hakuna ubaya."

Daktari Kimweri alikuwa ameshaitoa sumaku mfukoni.

Mwamvita alitikisa kichwa. Halafu akaanza, na alianza vibaya, kutoka katikati.

"Alisema hapana," alisema. "Mzee Ntandu. Winchi ilikoroma, akasema leo hapana. Alisema, sote tulisikia. Hakupanda kwa hiari. Nilimcheka. Ndiyo maana alipanda. Nilimcheka mbele ya watoto aliowafundisha."

Wakili wa kampuni akasimama. Aliuliza kama si kweli kwamba rekodi inaonyesha kifaa kilizima hofu yake.

"Ni kweli."

"Kwa hiyo hukuwa na uwezo wa kutambua hatari."

"Sikuitambua. Lakini yeye aliitambua, akaniambia. Masikio yangu hayakuwa yamezimwa." Alikuwa analia sasa, na kamasi zilimshuka, na hakuwa na leso. "Na nimekuwa nikiwaambia watu niliushinda woga. Sikuushinda. Nilizimiwa. Aliyenishusha kwenye ngazi nilipoganda ni huyu mzee, na hakumwambia mtu. Mimi woga wake niliutangaza."

Alisahau mambo mengine aliyotaka kusema. Alirudi kwenye kiti chake, akakosea njia, ikabidi aelekezwe. Nyuma yake alisikia kijana mmoja kati ya wale wanne akimwomba mwenyekiti atoe ushahidi wake upya.

Uamuzi ulitoka baada ya siku mbili. Winchi zote zilisimamishwa mpaka zikaguliwe. Neno uzembe liliondolewa kwenye faili la Mzee Ntandu. Mwamvita alinyang'anywa ukufunzi, akapelekwa bohari kupanga vipuri, na picha yake ikabanduliwa langoni.

*

Mama Eliya alimkuta bohari. Hakukaa alipokaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Ukumbini nilikusikia. Lakini mtaani kwetu hawakuwepo ukumbini. Huko bado wanasema mume wangu alipoteza mkono kwa kutojua kazi. Mpaka mwanangu Eliya ameambiwa hivyo kwa kinyozi. Jumamosi mchana jumuiya inasali kwetu. Uje useme."

Kwenye kikao Mwamvita aliitwa kwa barua, asingeweza kukataa. Huku hakuna aliyemlazimisha. Wangekuwa jirani za mzee, watu wanaompenda, sebuleni, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Yeye mwenyewe amesema nije?"

"Yeye hajasema kitu. Mimi ndiye nimesema."

Jumamosi alifika mapema, akazunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi. Sebule ilikuwa imejaa, wengine wamekaa mkekani. Mzee Ntandu alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha. Mwamvita alimwamkia, na mzee akaitikia kwa sauti ndogo, bila kumtazama.

Sala ilipokwisha, Mama Eliya alisema, "Huyu ndiye binti aliyekuwa msimamizi siku ile. Ana neno."

Mwamvita alisimama. Safari hii hakukuwa na meza ya kushika. Aliwaeleza. Alieleza winchi, alieleza mzee alivyosema leo hapana, akasema kwamba yeye alimfanyia mzaha na ndipo akapanda. Alieleza kwa mpangilio mzuri kidogo kuliko mara ya kwanza, na alipokwama alisubiri mpaka sauti irudi, na sebule ikamsubiri.

Babu mmoja, kaka wa Mzee Ntandu, aliuliza, "Mzaha gani? Tuambie neno lenyewe."

"Nilimwambia... nilisema kama miguu imekuwa maji, abaki chini. Amenye alizeti."

"Hukumalizia," alisema Mzee Ntandu kutoka dirishani.

Ukiacha maamkizi, ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya ajali. Sasa alikuwa anamtazama.

"Malizia," alisema tena. "Na uliisema kwa sauti kubwa zaidi. Waisikie kama nilivyoisikia."

Mwamvita alivuta pumzi. Hakukuwa na kitu cha kumshika, ndani wala nje. Moyo ulikuwa unampiga mpaka kooni, akauacha upige, na akasema kwa sauti ya kujaza chumba: "Kazi yako ya kiume nitaifanya mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mkekani alishika mdomo. Eliya, mwanaume wa miaka thelathini, alitoka nje, wakamsikia akitembea uani.

"Ndivyo," alisema Mzee Ntandu. "Ndivyo ilivyokuwa." Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na dirisha, "Sikupanda kwa ajili yako. Nilipanda kwa sababu niliona haya kuogopa mbele ya watoto. Na mimi nilikuwa na sehemu yangu pale."

"Nisamehe, mzee."

"Bado," alisema. "Bado, Mwamvita."

Chakula kikaletwa, ugali na kuku na bakuli la mlenda. Mama Eliya alitoka jikoni na birika la maji na beseni, akatazama huku na huku, kisha akampa Mwamvita.

"Nawisha watu. Anza na mwenye nyumba."

Mwamvita alivuka sebule, akapiga magoti mbele ya Mzee Ntandu, akaweka beseni. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto. Mwamvita akamimina maji, na maji yakapita juu ya vidole yakaanguka, vidole vikabaki vilivyo, maana hapakuwa na mkono wa pili wa kuvisugua. Wote wawili waliona. Mzee alitaka kuurudisha mkono.

Mwamvita aliweka birika chini. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauosha, kiganja na nyuma ya kiganja na katikati ya vidole, mbele ya watu wote. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba maji yalimrukia mzee suruali. Mzee Ntandu hakuuondoa mkono wake, wala hakuna aliyemwambia Mwamvita atulie.